Mark X GRX120: inavyoshika barabara, inavyokunywa mafuta na inavyodumu

Mtu akisikia naendesha Toyota Mark X swali la kwanza ni lile lile, "mafuta vipi?" Inakunywa, ndiyo, ni V6 hiyo, injini ya silinda sita. Lakini hii gari ukiipima kwa mafuta tu basi nenda kachukue Passo au Vitz mapema usijisumbue, mimi naanza na kitu kilichonifanya niinunue, na hicho ni jinsi inavyoshika barabara.

Kwanza tuelewane ni ipi naisema. Ni ile ya kwanza, GRX120, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, ikaenda mpaka 2009 ilipokuja GRX130. Yangu ni 250G ya kawaida, injini 4GR-FSE ya cc 2,499, farasi 215, gia 6 za otomatiki, tairi za nyuma ndo zinasukuma. Kuna ya 3.0 nayo, 3GR ya farasi 256, ila mtaani hazipo nyingi, na kuna zinazovuta tairi zote 4 ambazo sitaziongelea hapa.

Sasa barabarani. Watu waliozoea Premio, Allion, IST na ndugu zao wakikaa kwenye Mark X wanasikia kitu tofauti ila wengi hawajui kimetoka wapi. Premio mbele imebebwa na shokapu na kontroli amu moja ya chini, basi. Mark X mbele kila tairi ina amu ya juu na ya chini, nyuma ina mikono kadhaa inayoshika tairi kila upande. Maana yake ni kwamba ukiingia kona na bodi ikalala kidogo, tairi yenyewe inabaki imelala vizuri kwenye lami badala ya kusimamia ukingo. Halafu injini imekaa kwa urefu, imerudi nyuma, na umbali kutoka tairi ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 2,850, kwa hiyo gari imetulia kwelikweli. Na tairi za mbele zina kazi moja tu ya kugeuza, hazivuti, ndio maana usukani wake ni mwepesi kuelewa, hauvutwivutwi ukikanyaga mafuta unatoka kona.

Mahali pa kuijulia ni mlima Kitonga, njia ya Iringa. Unapanda, kona zinafuatana, malori yanajikokota, unapata nafasi halali ya kuovateki unakanyaga, inashuka gia mbili, ile V6 inaamka na umeshapita lori bila presha na bila kelele za injini kulia kama inaomba msamaha. Ukiingia kona inayofuata haisukumi pua nje kama gari za kuvuta mbele. Mombo kwenda Lushoto ni barabara nyembamba, kona kali, pale hutaki nguvu unataka gari inayogeuka, na Mark X pamoja na urefu wake inageuza mduara mdogo kuliko unavyodhania, ni faida ya tairi za mbele kutobeba mashafti ya kuvuta.

Ila niseme na hili kwa uzito wake. Gari ya kusukuma nyuma yenye farasi 215 haitaki tairi kipara, haitaki tairi za mtumba za mwaka usiojulikana, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ile lami ina mafuta na vumbi, ukikanyaga kwa pupa ukiwa kwenye kona mkia unatoka. Kenya hii gari imepata jina baya kwa sababu ya ajali za vijana, na mimi sioni kama kosa ni la gari. Kama yako ina VSC, ule mfumo wa kuzuia gari isiteleze, iache iwake, kitufe cha kuizima usikiguse barabara kuu. Na usinunue tairi mbili mpya ukaziweka mbele ukaacha zilizochoka nyuma, hapo umeharibu kila kitu nilichokisifia juu.

Raha inapungua kwenye rafu rodi na matuta. Iko chini. Matuta ya kujengwa na wananchi, yale makali, unapita kwa mshazari na bado unasikia chini. Waliochukua S pakeji zinakuja na tairi 225/45R18, zinapendeza sana, ila kwa barabara zetu ukuta wa tairi ni mwembamba mno, shimo moja rimu imepinda. Mimi nipo na 215/60R16 na sibadilishi ng'o. Bushi za amu za mbele ndo zinakufa mapema kwa mazingira yetu, utaanza kusikia kugongagonga kwenye mashimo madogo na usukani unapoteza ule ukali wake, badilisha bushi mapema, usingoje tairi zianze kulika upande.

Haya, mafuta. Kwa foleni ya Dar, Mwenge, Ubungo, Tazara, asubuhi na jioni, AC inawaka, napata kilomita 6 mpaka 7 kwa lita. Sikudanganyi na anayekwambia anapata 10 mjini ama haingii kwenye foleni ama anaamini ile namba ya kwenye dashibodi. Safari ndefu ni hadithi nyingine, ukitembea 90 mpaka 100 bila fujo inakupa 11, mara nyingine 12, kwa sababu gia ya 6 ni ndefu na injini inazunguka taratibu. Tanki ni lita 71, kwa hiyo ukijaza Dar unafika Iringa bado una zaidi ya robo. Na kwa jinsi njia yenyewe ilivyo, vijiji vya 50, tochi, Mikumi unapita polepole kwa ajili ya wanyama, hata ukitaka kukimbia hukimbii, kwa hiyo wastani wako utakuwa mzuri tu hata kama hukupanga. Kama maisha yako yote ni Mbagala kwenda Posta na kurudi, nakushauri kwa nia njema kabisa, usichukue, utalipia V6 kusimama kwenye foleni.

Kitu ambacho wengi hawakijui, Japani hii 4GR ya GRX120 walielekeza iwekewe petroli ya okteni ya juu. Mgandamizo wake ni 12 kwa 1, ni mkubwa. Kwenye GRX130 waliirekebisha itumie petroli ya kawaida na farasi wakashuka mpaka 203. Kwa hiyo kwenye 120 chagua sheli unayoiamini, zile za pembeni zenye bei ya kutia shaka achana nazo. Injini itajilinda, itarudisha nyuma muda wa kuwasha plagi ili isigonge, na hapo unapoteza nguvu na mafuta kwa pamoja bila kujua.

Uimara. Hapa ndo kuna maneno mengi ya mtaani na mengi siyo. Injini yenyewe ni ngumu, ina cheni sio mkanda, ni ndugu na ya Lexus IS250. Shida yake inayojulikana dunia nzima ni kaboni kwenye valvu za kuingizia hewa. Hii injini ni D-4, injekta zinamwaga mafuta ndani kabisa ya silinda, kwa hiyo zile valvu hazioshwi na petroli kama kwenye injini za kawaida, na mvuke wa oili unaorudishwa unazigandia, miaka inapita zinajaa uchafu mweusi mgumu. Dalili ni asubuhi ikiwa baridi inatetemeka, inapiga misi, ikipata moto inatulia. Fundi wa haraka atakuuzia plagi, atakuuzia koili, atakuuzia na sensa, tatizo liko pale pale. Dawa yake ni kufungua manifoldi na kusafisha valvu, na dawa za kuweka kwenye tanki hazifiki huko kwa sababu mafuta yenyewe hayapiti hapo! Kuchelewesha kaboni isirudi, mwaga oili kwa wakati, tumia 5W-30, inaingia lita 6 na kitu. Mtu anayeiwekea 20W-50 ati injini imechoka anaua VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, vinjia vyake vya oili ni vyembamba, havitaki oili nzito.

Giaboksi nayo ni nzuri mno ila inauawa na mafundi. Haina kijiti cha kupimia. Oili yake ni ATF WS, sio hidroliki yoyote nyekundu inayouzwa dukani, na inapimwa gari ikiwa imewashwa, oili ina joto la kama nyuzi 35 mpaka 45, unafungua nati ya chini mpaka ianze kuchuruzika taratibu. Fundi wa chini ya mwembe akikwambia anajaza kwa kukadiria, mshukuru, washa gari, ondoka.

Na maji ya rejeta jamani. Maji ya bomba yanakula pampu ya maji na rejeta kutoka ndani. Tumia kulanti, na ukiona ukoko wa pinki umeganda pembeni ya pampu jua imeanza kuvuja, badilisha hiyo pampu kabla injini haijachemsha.

Spea sio tatizo Dar, Gerezani unapata karibu kila kitu, na kwa kuwa Crown ya 2.5 inatumia injini hiyo hiyo mafundi wanaoijua wapo, tena uwatafute kabla hujanunua gari. Ukiwa unaagiza Japani kumbuka ushuru, TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari iliyozidi miaka 10, na cc ikivuka 2,000 ushuru wa bidhaa unapanda, kwa hiyo bei ya kule usiifurahie peke yake.

Anayetaka ya mkononi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, iwe baridi, ndo muwashe, sikiliza dakika za mwanzo, halafu itembeze mpaka gia zote 6 zipite ukiwa na miguu mepesi. Ikitetemeka punguza bei kwa gharama ya kusafisha valvu na uichukue, hiyo inatibika. Ikishtuka gia zinapobadilika, iache.