Kamba ya kupandia mti Malindi: ipi ununue kwanza, na ipi umwachie mvuvi

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa Malindi uulize kamba ya kupandia mti. Utatolewa bunda la kamba ya kijani, nyepesi, inayong'aa, na mwenye duka ataivuta kwa mikono miwili mbele ya macho yako. "Hii, mzee, hata ng'ombe haikati." Kweli, ng'ombe haikati. Lakini ng'ombe hajapata kuning'inia mita kumi na mbili juu ya paa la mtu akiwa na msumeno mkononi.

Mimi nilianza kama mkwezi wa kawaida: miguu mitupu, panga kiunoni, napanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina la mnazi. Kamba sikuwa nayo na sikuiona ina kazi gani. Mambo yalibadilika nilipoanza kuitwa kwenye majumba ya Casuarina, mahali ambapo hata jina lenyewe ni la mvinje. Mwenye nyumba anataka mti upunguzwe tawi kwa tawi, kigae kisivunjike, ua lisikanyagwe. Kazi hiyo huifanyi kwa miguu mitupu. Sasa vijana wananijia na akiba yao wakiuliza waanze na nini, na jibu langu huwa haliwafurahishi: anza na cha kukushusha siku ambayo huwezi kujishusha mwenyewe. Waliosema mchongoma kupanda, kushuka ndiyo ngoma, walikuwa wamepanda.

Haya sikuyasoma mahali. Mwenzangu alikuwa juu ya mwembe huko Msabaha, kama mita kumi hivi, akikata tawi lililoegemea bati. Tawi lilipokatika halikuanguka moja kwa moja. Kitako chake kilirudi nyuma kikampiga begani. Mtulinga ukavunjika, msumeno ukaanguka, na yeye akabaki kwenye hanesi yake, ile mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani, mkono ukiwa umelegea kama kitambaa. Tulikuwa watatu chini. Kamba ya kupandia ilikuwa moja, nayo ilikuwa juu na yeye. Ngazi ya jirani ilifika nusu ya shina. Nilimsikia akijibu "niko sawa", kisha akijibu "naam" tu, kisha hajibu. Hatimaye kijana mmoja alipanda bila chochote, akamfikia, na tukamteremsha kwa kamba ya kufungia mzigo kwenye pikapu. Alipona. Mimi tangu siku hiyo nanunua vitu kwa mpangilio mwingine.

Kamba, kwa daraja

Ya kwanza, na kwa kweli ndiyo pekee ya kubeba mtu mtini, ni kamba ya kiini na ganda isiyovutika sana. Ndani kuna nyuzi zinazobeba uzito, nje kuna ganda lililosukwa kuzilinda. Tafuta maandishi EN 1891 A kwenye kibandiko cha mwisho wa kamba; EN ni alama ya viwango vya Ulaya. Alama hiyo maana yake haipaswi kukatika chini ya kilonyutoni 22, yaani zaidi ya tani mbili. Usiseme "mimi nina kilo sabini, tani mbili za nini?" Fundo lolote hula nguvu ya kamba, pengine hata theluthi. Kona ya tawi nayo hula, na jua la hapa hula kila siku. Unene mzuri ni kati ya milimita 11.5 na 13. Nyembamba kuliko hapo inakata viganja na fundo la kushikilia, lile linaloibana kamba likuzuie usiteleze, haliing'ati vizuri. Nene kuliko hapo utachoka kuivuta kabla hujaanza kukata.

Ukipewa kuchagua kati ya nailoni na poliesta, pwani hii chagua poliesta, au angalau ganda la poliesta. Nailoni ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu na huvutika zaidi, na sisi huku umande wa alfajiri na mvua za masika ni sehemu ya kazi.

Ya pili ni kamba ya wapanda milima, ile inayovutika. Wakati mwingine mgeni anayerudi kwao huiacha. Imetengenezwa kumpokea mtu anayeanguka, kwa hiyo hunyumbuka. Ukiifanyia kazi ya mti utapanda na kushuka kama ndoo ya kisima kila ukijisogeza, na msumeno hautulii mahali pamoja. Ukipewa bure na unajua ilikotoka, iweke akiba. Ya kununua si hiyo.

Ya tatu ni kamba za mashua za starehe, zile za poliesta zinazouzwa kuukuu kule Kilifi kwenye mkono wa bahari. Nazipenda sana, kwa kuteremshia matawi. Mtu hapana. Hujui imekaa jua miaka mingapi wala imevuta nini.

Ya mwisho ndiyo ile ya kijani ya dukani, polipropilini. Mvuvi anaipenda kwa sababu inaelea, na ana haki. Lakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi za Selsiasi, wakati poliesta hufika karibu 260. Fundo la kushikilia likiteleza haraka juu ya kamba huzaa joto kali, jaribu kulishika baada ya kushuka kwa pupa. Tena kamba hii ni telezi, mafundo hujilegeza, na jua huifanya ikauke na kutoa manyoya.

Muuzaji akikuapia kwamba yake ni nailoni halisi, mwombe kipande cha kidole kimoja na gilasi ya maji. Kikamue ndani ya maji hewa itoke, kisha kiachie. Nailoni na poliesta huzama. Polipropilini itapanda juu ikuangalie. Nimefanya hivi kwenye kaunta, wateja wakicheka, na muuzaji mwenyewe akashangaa kuliko wote.

Urefu: zidisha mti mara tatu

Hapa ndipo watu hubana pesa pasipofaa. Kijana ananunua mita 30 kwa sababu miti yake haizidi mita 15: kamba inapanda, inapita kwenye panda, inashuka, imetosha. Imetosha kupanda. Haimtoshi aliye chini kukuteremsha.

Mpango tunaoutumia sasa ni huu. Kamba inapitishwa kwenye panda imara, na upande mmoja unafungwa chini, shinani, si kwa fundo la kufa bali kwa nambari nane ya chuma, kifaa chenye umbo la 8 cha kulegezea kamba taratibu, iliyofungwa ikakazwa. Mpandaji anapanda upande wa pili. Akiumia, aliye chini halazimiki kupanda. Anafungua lile fungo la nambari nane, anashikilia, na kulegeza kamba taratibu mpaka mtu afike chini. Kwa mti wa mita 15 unahitaji mita 15 za kupanda hadi kwenye panda, 15 za kushuka upande wa mpandaji, na 15 za akiba shinani za kulegezea. Jumla ni 45. Ndiyo sababu nasema nunua mita 45 au 50 za kamba nzuri badala ya vipande viwili vya kamba ya wasiwasi.

Mpango huu una gharama yake, usijidanganye. Panda ya juu hubeba karibu mara mbili ya uzito wako, kwa sababu kamba inaivuta pande zote mbili. Kwenye mwembe mzima sina hofu. Kwenye mkorosho siwezi, tawi lake hukatika bila hata kulia. Tena upande ule wa shinani lazima ukae mbali na msumeno wako, maana ukiukata umejikata mwenyewe. Na usijaribu kwa mara ya kwanza siku ya ajali. Teremsha gunia la mchanga, kisha mtu mzima aliye hai, kabla hujaupa jina la uokozi.

Hanesi

Inayofaa zaidi ni ile ya wakata miti: ina mapaja yake, pete mbili za ubavuni za mkanda wa kuzungushia shina, na daraja la kamba mbele linalokuacha ugeuke. Alama zake ni EN 813 na EN 358. Ni ghali, na hapa mjini huikuti. Utaagiza Nairobi au nje.

Inayofuata ni ya mafundi wa kamba wanaosafisha maghorofa. Inafanya kazi vizuri, ila kwenye joto la hapa mikanda ya mabegani inachosha. Ile ya mjengo yenye pete ya mgongoni, ambayo ndiyo imejaa madukani, inaweza kukudaka ukianguka, lakini huwezi kukaa ndani yake ukakata tawi, na ukining'inia kwa mgongo huifikii kamba yako. Mkanda wa kiuno peke yake usinunue hata ukiuzwa kwa bei ya sambusa. Ukining'inia kwa kiuno, pumzi ndiyo inayobanwa.

Kabla ya kulipa, vaa, ufungwe kwenye tawi la chini, ukae dakika kumi miguu ikiwa hewani. Kama mapaja yanakufa ganzi, hiyo si yako.

Ganzi hiyo si jambo dogo. Mtu akining'inia bila kusogeza miguu, damu hutuama miguuni na anaweza kuzimia kwa dakika chache, hata kama hana jeraha. Ndiyo yaliyomkuta mwenzetu Msabaha. Akiwa na fahamu mwambie asukume miguu kwenye shina au ajiinue kwa kitanzi cha kamba. Akifika chini mlaze. Ule ushauri wa zamani wa kumkalisha wima kwanza umeachwa. Kama amezimia na anapumua, mlaze ubavu.

Karabina na kofia

Karabina ni ile pete yenye lango ya kuunganishia kamba na hanesi. Ya mti lazima ijifunge yenyewe na kufunguka kwa hatua tatu. Ile ya kukaza kwa parafujo hujifungua taratibu ikisuguana na gome. Kilonyutoni zimechorwa ubavuni. Chini ya 20 irudishe. Zile ndogo za rangi rangi kwenye kaunta ni za funguo, na nyingine zimeandikwa kabisa kwamba si za kupandia. Chuma au aluminiamu? Chumvi ya kusi inaila yote: chuma kinapata kutu, aluminiamu inatoa unga mweupe na lango linaanza kugoma. Mimi nachukua aluminiamu kwa wepesi, na kila Jumamosi naosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kutia tone la mafuta kwenye bawaba.

Kwa vifaa vyote hivi angalia herufi CE, alama ya Ulaya, zikifuatwa na tarakimu nne. Tarakimu hizo ni namba ya taasisi iliyokagua. CE tupu, bila namba, kwenye kitu cha kubeba uhai wa mtu, inatosha kukutoa dukani.

Kofia ya mjengo, EN 397, ukamba wake wa kidevu umefanywa uachie kwa nguvu ndogo ili usikunyonge. Ya kupandia, EN 12492, inabaki kichwani hata ukipinduka. Chukua ya pili.

Na mnazi je?

Mnazi hauna panda, kwa hiyo mpango wa shinani hauwi hivihivi. Na kuti si tawi: lifungie kamba uone litakavyong'oka na wewe. Ninapanda na mkanda wa kuzungushia wenye waya ndani, ule wa kujikaza shina ukiteleza, na kamba ya kushukia begani. Nikifika chini ya kilele naizungusha kamba kwenye shina, naikaza kwa karabina, ndipo nagusa kuti la kwanza. Hapo mtu wa pili lazima awe na mkanda wake na hanesi yake, maana akihitajika atapanda kweli. Seti ya pili inauma mfukoni. Mimi niliinunua kidogo kidogo kwa misimu miwili, na kazi za minazi mirefu nikazikataa mpaka ilipotimia.

Miiba ya chuma ya kufunga miguuni nunua mwishoni, kwa mti unaokatwa wote tu. Mwembe utafunika kidonda chake siku moja. Mnazi hauponi, tundu ulilotoboa leo litakuwepo mpaka mti ufe. Na mti ulioshikana na waya za umeme haununuliwi kifaa chochote. Piga simu Kenya Power.

Kamba ikishafika nyumbani ianike kivulini, iweke mbali na petroli na betri ya gari, ipapase yote kwa vidole kila wiki. Ukikuta pamelegea, kama uvimbe au shimo chini ya ganda, kata hapo bila huruma.

Kitu kimoja usinunue kabisa: mfuko wa kurushia uzi juu ya panda. Shona wa turubai, mwembamba kama soksi ya mtoto, tia gramu 300 za mchanga, funga uzi laini wa milimita mbili. Wangu una mchanga wa Silversands, unavuja kidogo kwenye mshono, na bado unafika panda ya mita 15 kwa mrusho wa tatu au wa nne.