Winchi ya kunyanyulia wagonjwa: mota safi, ila kushusha kwa dharura ni balaa

Ikinyanyua, sina neno. Mota haigugumii, na miguu inafunguka vya kutosha hadi kiti cha magurudumu kinaingia katikati. Kilichonipandisha hasira ni kile kipete chekundu cha juu ya mota, cha kushushia mkono wa mashine umeme ukikata.

Majuzi mashine ilizima mgonjwa akiwa hewani. Kitu cha kwanza ni kitufe cha dharura: mara nyingi kimebonyezwa bila mtu kujua, ukikizungusha kinaruka na umeme unarudi. Haikuwa hicho. Betri ilikuwa imekata. Hapo unavuta kipete, na uzito wa mgonjwa wenyewe unaushusha mkono polepole. Kiligoma kabisa! Slingi, kile kitambaa kinachombeba, inambana mapajani, anapumua kwa shida, na kipete hakisogei hata kidogo. Bahati alikuwa bado juu ya kitanda. Tulikipandisha kitanda hadi kikampokea, vitanzi vya slingi vikalegea, tukavichomoa kwenye ndoano za mkono.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Nyie ndio hamjui kuitumia, mngefunga breki kwanza." Breki! Wakati wa kunyanyua, magurudumu ya winchi ya aina hii huachwa huru ili mashine ijisogeze yenyewe chini ya uzito. Ukiyafunga, mzigo unavuta upande na mashine inaweza kupinduka. Breki za kufunga ni za kitanda na za kiti. Anauza kitu asichokijua, halafu anafoka.

Slingi yao, kwa haki, ni nzuri. Mishono imara, lebo inasomeka, rangi za vitanzi hazichanganyi: kifupi mabegani, kirefu miguuni, mgonjwa anakaa wima. Rangi ya kulia lazima ilingane na ya kushoto, la sivyo anainamia upande mmoja. Na bado, pandisha mpaka vitanzi vikaze tu, simama, kagua kila ndoano, ndipo uendelee.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya mota na slingi. Nikikumbuka ile sauti ya kwenye simu, mbili. Ukiamua kununua, kabla hujalipa mkalishe mfanyakazi mzima kwenye slingi, mnyanyue kidogo tu juu ya kitanda, chomoa betri, vuta kipete. Usijaribu mkono wa mashine ukiwa mtupu. Bila uzito huenda usishuke ukadhani ni mbovu. Wakikataa kujaribu mbele yako, basi hata hizo mbili nimezifuta.