Sava ya majaribio ya DHIS2: nilikojifunza upya kazi ya takwimu za afya

Naandika kwa wenzangu wa takwimu za afya, hasa ambao mradi umefungwa na wamebaki nyumbani na vyeti vyao. Kitu ninachokisifia hapa hakiuzwi. Ni sava ya majaribio (nakala ya mtandaoni ya kufanyia mazoezi) ya DHIS2, mfumo wa kompyuta ambao ripoti za vituo vyetu vya afya hupitia. Kenya waliuanza nchi nzima mwaka 2011. Hutengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ingawa mizizi yake ni Afrika Kusini ya baada ya 1994, kulipokuwa na kazi ya kuunganisha takwimu za afya zilizokuwa zimetenganishwa kwa rangi za watu. Programu ni ya bure, na sava ya majaribio iko wazi kwa kila mtu: jina la kuingilia ni admin, nenosiri ni district.

Miaka minne niliingiza takwimu kwenye kituo cha afya. Asubuhi kadi za CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU), mchana vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 7 cha watoto, namba 12 cha leba. Nilikuwa na mkono mwepesi na nilijivunia. Siku moja, kwenye kikao cha tathmini cha wilaya, grafu ya chanjo ikaoneshwa ukutani na kituo chetu kikaonekana kimetoa Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya watoto ya pentavalenti) kwa zaidi ya asilimia 300 ya watoto waliotarajiwa robo ile ya mwaka. Watoto 31 nilikuwa nimewaandika 310. Mganga mfawidhi alinitazama, mimi nikatazama meza. Hakuna aliyenifokea, ila tangu siku hiyo mafunzo yakija anaitwa mwingine. Miezi michache baadaye mradi uliokuwa unanilipa ukafungwa, kibarua kikaota nyasi.

Usaili wa kwanza baada ya hapo uliniuma kuliko kukosa mshahara. Nilikalishwa mbele ya kompyuta, nikaambiwa nitoe mwenendo wa mahudhurio ya kwanza ya wajawazito kwa miezi 12, kata kwa kata. Miaka minne yote ndani ya mfumo sikuwahi kutoa hata grafu moja. Sisi wa kituoni tuliingiza, wa kutoa walikuwa wilayani. Muda ukaisha sijaweka kitu kwenye skrini. Usaili wa pili nao nikakwama palepale.

Ndipo nikaanza kuingia kwenye ile sava, kwa laptopu ya kaka yangu na bando la usiku. Takwimu zilizomo ni za mfano, zimepangwa kwa vituo vya Sierra Leone. Nilichagua kituo cha afya cha Ngelehun CHC, wilaya ya Bo, na zoezi langu la kwanza likawa lilelile lililoniaibisha: naandika namba ya chanjo iliyopitiliza, makusudi, nione mfumo utanikamata wapi. Una njia mbili. Kuna mipaka ya chini na ya juu ya kila kisanduku, na kuna kanuni za uhakiki zinazolinganisha namba moja na nyingine, kwa mfano dozi ya tatu isiizidi ya kwanza. Lakini mipaka hiyo lazima mtu aizalishe kutokana na takwimu za nyuma, na uhakiki lazima mtu auendeshe. Kwenye ukurasa tuliokuwa tunautumia kituoni, kisanduku kikigeuka kijani maana yake namba imehifadhiwa, basi. Miaka minne nilikuwa naisoma ile kijani kama "sahihi". Hapo nilikaa kimya muda mrefu.

Kutoka hapo nikahamia Data Visualizer, sehemu ya mfumo ya kuchora grafu, na kumbe kila grafu inataka majibu matatu tu: takwimu gani, kipindi gani, kituo gani. Kama kuna mtu angenieleza hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini, ule usaili ningeumaliza kwa dakika tano.

Usiku wa nne nikajenga dashibodi ya wajawazito, yaani ukurasa mmoja wenye grafu sita na ramani moja. Nikalala saa tisa. Asubuhi naifungua, haipo. Sava ile hurudishwa mwanzo kila siku, na sikuwa nimelijua hilo. Nililia, nasema kweli, maana niliona kama kila ninachokishika kinafutika. Usiku nikaanza tena. Dashibodi ya kwanza ilinila saa sita. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa naijenga ileile kwa dakika 40, bila kuangalia mwongozo.

Usaili wa tatu waliniuliza swali moja nililolijua kwa machungu: kituo kimevuka asilimia 100, unaanzia wapi? Nikasema naanza na kitabu, nahesabu kwa kidole, kisha naangalia idadi ya watu wa eneo la huduma, kisha nauliza kama akina mama wa kata jirani wanaleta watoto kwetu. Nikapata mkataba wa mwaka mmoja, wilaya nyingine.

Kasoro zake zipo. Kwenye simu inakera, tafuta kompyuta. Matoleo ni kadhaa, na la wilayani kwenu linaweza kuwa la nyuma zaidi, kwa hiyo usikariri mahali kitufe kilipo. Fomu zetu za MTUHA humo hamna. Hakuna mwalimu pia, ni wewe na miongozo yao mirefu, ambayo mimi niliisoma kwa Kiingereza, kamusi ikiwa pembeni. Kwa hiyo somo la uhakiki linaweza kukuchukua siku mbili kulielewa, kama lilivyonichukua mimi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Na kabla hujalala, piga picha ya dashibodi yako.