Jumba la Mtwana, mpelekeni mama na watoto

Jumapili tulienda Jumba la Mtwana, yale magofu ya kale kule Mtwapa, mimi na wanangu wawili na mamangu, na wenzangu wa Mombasa niwaambie wazi, pale mahali tumewaachia watalii bure. Mgeni akija sisi mbio Fort Jesus, sawa, ni nzuri, lakini Mreno kaanza kuijenga 1593 na Jumba wakati huo watu walikuwa wameshahama zamani! Huu ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, nyumba za mawe ya matumbawe, misikiti minne, unatembea chini ya mibuyu mpaka unatokea baharini.

Kilonishika mimi ni vile watu wale walivyopenda usafi. Ule msikiti wa ufuoni una birika la kutawadhia na kando yake mawe ya kusugulia nyayo, na yangali yanakwaruza, mamangu akavua ndara akaweka mguu juu akasugua kisigino akasema wallahi kwa nyanyangu tulikuwa nayo kama haya haya. Majumbani nako vyoo vimo ndani kwa ndani. Miaka mia sita hiyo! Mwanangu wa darasa la sita akaniuliza, mama, hawa ndo sisi? Nikamwambia ndo sisi.

Karibu na msikiti huo pana kaburi lina maandishi ya Qur'ani, mama akayasoma polepole, kidole hewani asiguse jiwe, kila nafsi itaonja mauti. Hata watoto walinyamaza.

Tafadhali chukueni mtu wa kuwatembeza, msizunguke wenyewe, manake hakuna maandishi ya zamani yanayoutaja huu mji, umri wake umejulikana kwa vigae vya vyombo vilivyofukuliwa, James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba hapo 1972, na bila kuelezwa utaona kuta tu.

Kwenda, panda matatu ya Mtwapa, ukishavuka daraja mwambie makanga akushushe kwenye kibao cha Jumba na umkumbushe tena, sisi wetu alitupitisha mbali tukarudi kwa miguu na mama mzima juani, iliniuma sana. Kutoka barabarani chukua boda. Vaa viatu vya kufunga, mizizi imejaa njiani, na nenda saa tisa saa kumi hivi upepo wa bahari ushaanza. Mwezi ujao twarudi na kina shangazi, mama kashasema viazi karai atapika yeye.