Kutuma kifurushi kati ya Dar es Salaam na Mwanza: njia ipi ije kwanza

Kati ya Dar es Salaam na Mwanza kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, na mtu anayetaka kupeleka mzigo mdogo umbali huo anaweza kuchagua basi, Posta, ndege, lori au treni. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya kilo. Nashauri swali la kwanza liwe hili: ni nani atakayewajibika kwa maandishi tangu mzigo unapotoka mikononi mwako hadi unapomfikia mpokeaji? Tofauti ya shilingi elfu chache ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya mzigo ambao hakuna anayekubali kwamba aliupokea. Kwa kipimo hicho nimezipanga njia hizi kama ifuatavyo.

Nafasi ya kwanza, kwa vifurushi vya kawaida ambavyo mtu mmoja anaweza kuvibeba, naipa kampuni ya basi yenye ofisi ya vifurushi katika miji yote miwili. Tangu serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, mwaka 2023, mabasi hayalazimiki tena kuondoka yote alfajiri, hivyo kifurushi kilichopokelewa jioni katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kinaweza kufika kituo cha mabasi cha Nyegezi, Mwanza, siku inayofuata bila gharama ya ndege. Hata hivyo, sifa hii ni ya ofisi ya vifurushi na si ya basi lolote linalopita. Kusafirisha vifurushi ni huduma inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na sharti hilo linayahusu mabasi pia. Kampuni iliyotimiza wajibu wake haitaona tabu ukiiulizia leseni hiyo. Kumkabidhi kondakta mzigo dirishani, ukabaki na namba yake ya simu tu, sikuhesabu kuwa ni njia ya kutuma kifurushi, hata kama bei yake ni nusu.

Risiti ndiyo bidhaa unayoinunua hapo kaunta, kwa hiyo isome kabla ya kulipa. Iwe na namba ya kifurushi, majina na simu za mtumaji na mpokeaji, kiasi kilicholipwa, maelezo ya kilichomo na thamani yake. Neno “nguo” peke yake halitoshi, kwa kuwa siku ya kudai fidia karani atakuuliza ni nguo gani na za shilingi ngapi; “mashuka sita mapya” pamoja na bei yake ni maelezo yanayoweza kutetewa. Soma pia masharti yaliyochapishwa nyuma, maana mara nyingi ukomo wa fidia umeandikwa huko kwa herufi ndogo, na omba namba ya simu ya ofisi ya Mwanza, si ya Dar es Salaam pekee. Fedha taslimu usiziweke kabisa ndani ya kifurushi. Huduma za fedha kwa simu zinatosha kwa kazi hiyo.

Udhaifu wa basi uko kwenye buti. Boksi lako litalala chini ya masanduku ya abiria kwa saa nyingi za joto na vumbi, kwa hiyo vyombo vya udongo na skrini vifungwe kwa tabaka nene la nguo au karatasi, boksi lijazwe mpaka kisibaki kitu kinachocheza ndani, na vitu vinavyoharibika kwa maji vitiwe kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Jumlisha pia nauli ya bodaboda au bajaji ya mpokeaji, kwani Nyegezi iko mbali na katikati ya jiji.

Nafasi ya pili ni EMS, huduma ya Posta ya kutuma kwa haraka, ila kwa vyeti, hati za nyumba, pasipoti na mikataba naipandisha kuwa ya kwanza bila kusita. Cheti kilichopotea hakina bei inayoweza kuandikwa kwenye risiti ya basi. EMS hukupa namba ya kufuatilia yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi TZ mwishoni, na mtandao wa ofisi za Posta unavuka jiji la Mwanza: mpokeaji aliyeko Nansio, Ukerewe, hana sababu ya kupanda kivuko kufuata bahasha mjini.

Ndege naiweka ya tatu kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya ubora. Inafaa kwa kipuri ambacho mashine imesimama ikikisubiri, na kwa upande wa Mwanza inafaa kwa sato na sangara wabichi wanaopelekwa Dar es Salaam wakiwa kwenye barafu. Watumaji wengi hushangazwa na hesabu ya uzito, kwa kuwa shehena ya ndege hutozwa pia kwa ukubwa wa boksi: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha jibu hugawanywa kwa 6,000. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kuwa kilo 20 hata kama ndani mna mito ya kilo nne. Betri za lithiamu, manukato na rangi ya kucha zina masharti maalumu, kwa hiyo vitaje mapema.

Lori linalopakia Kariakoo ni la nne kwa kifurushi, lakini ni la kwanza kwa marobota ya mitumba, mabati au samani, mradi ukubali kusubiri gari lijae na uhakikishe turubai ni zima. Treni ya reli ya zamani inafika Mwanza kupitia Tabora na inafaa kwa mzigo mzito usio na haraka. Ile ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza mwaka 2024 inaishia Dodoma, kwa hiyo bado haimsaidii mtu wa Mwanza.

Kwa njia yoyote utakayochagua, mpigie mpokeaji umweleze kifurushi kilifungwaje, kina rangi gani na kina uzito gani, ili akikague mbele ya karani kabla ya kutia saini, na kama kimechanika, kasoro hiyo iandikwe kwenye nakala zote mbili za risiti kabla hajaondoka kaunta.