TAHADHARI: Hakuna huduma ya "kuhamisha grini kadi" kwa mwajiri mpya. Usimlipe mtu!

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa manesi na wahudumu wa wazee mlioingia kwa EB-3 (kundi la grini kadi inayopatikana kupitia kazi): kuna mtu anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akijiita mshauri wa uhamiaji. Anauza "uhamisho wa grini kadi". Anakwambia kadi yako imefungwa kwa jina la hospitali au wakala aliyekuleta, na kwamba ukiacha kazi kabla hajakuhamishia, kadi itafutwa na wewe utarudishwa nyumbani. Bei yake ni dola 850, nusu unatuma mapema kwa Zelle (njia ya kutumiana hela kwa simu), nusu "barua ikitoka". Msimlipe. Anachouza hakipo.

Dada mmoja tunayefanya naye zamu za usiku ameshalipa nusu zote mbili, na ameniruhusu niwaeleze. Alimtumia huyo mtu picha ya kadi mbele na nyuma, ukurasa wa pasipoti na SSN, yaani namba yake ya hifadhi ya jamii. Baadaye akaletewa barua yenye nembo ya ndege tai kama ya serikali, imeandikwa kwamba uhamisho umekubaliwa, na chini yake namba ya uthibitisho. Tulipoifuatilia ile namba tukakuta ni ya fomu AR-11. Fomu hiyo ni ya kuiarifu USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kwamba umehama nyumba. Ni bure, unaijaza mwenyewe mtandaoni, na sheria inakutaka uijaze ndani ya siku 10 baada ya kuhama. Haina uhusiano wowote na mwajiri. Yaani mama wa watoto watatu ametoa dola 850 kwa kubadilishiwa anwani, na anwani yenyewe haikuwa hata ya kwake.

Msimcheke. Uongo huu unauma kwa sababu umeshonwa kwa vipande vya ukweli. Wengi tuna jamaa wenye H-1B (viza ya kazi ya muda), na huko ni kweli kwamba mwajiri mpya lazima apeleke ombi lake serikalini kabla hujaanza kumfanyia kazi. Vilevile mtu aliyeomba ukaaji akiwa hapa hapa Marekani, ambaye ombi lake la I-485 (fomu ya kuomba grini kadi ukiwa ndani ya nchi) bado halijaamuliwa, anaweza kubadili mwajiri ombi likishapita siku 180, mradi kazi mpya iwe ileile au ya kufanana nayo. Mwajiri mpya husaini fomu inayoitwa Supplement J, na hata hiyo USCIS haitozi ada. Tapeli anachukua habari hizi za watu wengine anakuvisha wewe ambaye kadi yako imeshatoka.

Toa kadi yako uitazame. Ina jina lako, namba yako ya A (namba ya faili lako la uhamiaji), msimbo wa kundi ulilopitia kama E31 au E32, na tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni miaka 10 mbele. Jina la mwajiri halimo. Wewe ni mkaazi wa kudumu, na unaweza kufanya kazi kwa mwajiri yeyote bila kumwomba mtu kibali. Mwajiri hana mamlaka ya kuifuta kadi. Wa kukuondolea ukaaji ni serikali peke yake, kwa utaratibu wa kisheria, na una haki ya kusikilizwa na jaji.

Lakini sitaki mtu asome hapa halafu kesho asubuhi apeleke barua ya kuacha kazi. Kadi hii ulipewa kwa msingi kwamba wewe na mwajiri mlikuwa na nia ya kweli ya kufanya kazi pamoja. Ukifika uwanja wa ndege na kesho yake uko kwa mwajiri mwingine, unafungua mlango wa kuulizwa kama nia hiyo ilikuwepo. Swali hilo linaweza kuja hata miaka mitano baadaye ukiomba uraia, kwa sababu fomu ya kuombea uraia, N-400, inataka historia yako ya kazi ya miaka mitano. Sheria haikutaja idadi ya miezi ya kukaa kwa mwajiri wa kwanza. Mawakili wengi hushauri angalau miezi sita, wengine mwaka. Kama unaondoka mapema kwa sababu umenyimwa masaa, umelipwa chini ya mlivyoandikiana, au ulifika ukakuta kazi haipo, tunza ushahidi: mkataba, hati za mshahara, ratiba za zamu, barua pepe. Hizo karatasi zitakutetea kuliko barua yoyote yenye nembo ya tai.

Kuna wauzaji wengine nao, wamevaa suti. Ni baadhi ya mawakala wa manesi wanaokwambia lazima ununue "barua ya kuachiliwa" ndipo uondoke, au wanaokutishia faini ya makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kesi ya manesi kutoka Ufilipino waliowekewa faini ya hadi dola 25,000 wakiacha kazi kabla ya muda. Alisema kipengele hicho hakitekelezeki, na kwamba kimevunja sheria ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Simaanishi kila mkataba ni batili. Kuna wakala anayedai gharama halisi alizotumia, na hilo ni jambo la kupeleka kwa wakili asome mstari kwa mstari. Ila deni la mkataba na kadi yako ni vitu viwili tofauti kabisa. Anayekwambia ukishindwa kulipa kadi itafutwa anakudanganya. Na anayekushikia pasipoti au kadi ili usiondoke anatenda kosa la jinai. Mnaosubiri kusafiri kutoka Nairobi, tafadhali: kadi hutumwa kwa posta kwenye anwani uliyoitoa. Msiandike ofisi ya wakala kama mna ndugu wa kuaminika.

Ushauri wa sheria ya uhamiaji Marekani unatolewa na wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi kwenye shirika linalotambuliwa. Kwetu Kenya notari ni wakili, kwa hiyo mtu akikwambia yeye ni "notary" unatulia. Hapa notari kazi yake ni kushuhudia saini tu. Wakili wa kweli atakupa jina lake kamili na jimbo alilosajiliwa, na utamwona kwenye orodha ya chama cha mawakili cha jimbo hilo. Huyu muuza "uhamisho" alipoulizwa jimbo, alimtoa dada kwenye grupu. Ada za USCIS nazo hazilipwi kwa Zelle, Cash App wala kadi za zawadi, na tovuti yao inaishia na .gov.

Kama umeshampa tapeli huyu taarifa zako, fanya haya leo. Fungua akaunti yako ya USCIS uhakikishe anwani ni yako. Funga ripoti zako za mikopo kwenye kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, kote ni bure, ili asikope kwa jina lako. Piga simu benki kuhusu ile Zelle, hata kama ni vigumu hela kurudi. Ripoti kwenye reportfraud.ftc.gov, tovuti ya serikali ya kupokea taarifa za utapeli. Na mwenye kushikiliwa hati au kulazimishwa kazi kwa vitisho apige 1-888-373-7888, simu ya msaada dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu; wanapokea saa 24 na wana wakalimani.

Mliochati na tapeli huyo msifute meseji wala sauti zake. Pigeni picha ya skrini ionyeshe namba, tarehe na kiasi, mniletee inboksi; tunaziambatanisha kwenye malalamiko ya dada, na kila aliyelipa anaweza kupeleka ya kwake.