Walitaka kushusha hedi kwa sababu ya sensa ya waya mmoja

Nyota moja, na hata hiyo moja ni ya fundi waya wa jirani ambaye si mtu wao. Gereji siitaji. Iko Kampala, ina lango zuri na mabati mapya, na walioipitia wataijua.

Tatizo lilikuwa dogo. Toyota Corona ya miaka ya tisini, ukiweka ufunguo ON tu, mshale wa temperecha unaruka hadi H, upande wa moto. Asubuhi, injini baridi, haijapigwa hata starta. Fundi mkuu hakufungua kifuniko cha rejeta wala hakuvuta kijiti cha oili. Alichungulia dashibodi tu, akatoa hukumu: "Ssebo, hii imechemsha. Gasketi ya hedi imeondoka, tushushe hedi." Yaani wafungue kichwa cha juu cha injini wabadilishe kizibo kilicho chini yake: shilingi milioni moja na laki nne, kazi pamoja na spea. Nikamwambia injini haijawashwa tangu jana. Akanijibu mbele ya vijana wake, "Unataka gari au unataka kubishana?"

Nataka gari, ndiyo. Lakini injini iliyolala usiku kucha inachemsha nini?

Sensa ya geji, yaani kitambuzi cha joto kinachoendesha ule mshale, kwenye Toyota za umri huu ina waya mmoja tu. Ndani yake mna kidude ambacho ukinzani wake hushuka kadiri maji yanavyopata moto: mamia ya omu (kipimo cha ukinzani) yakiwa vuguvugu, makumi tu yakikaribia kuchemka. Umeme unatoka kwenye geji, unapita ndani ya sensa, unaishia kwenye chuma cha injini, ambacho ndicho eathi yake, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Ukinzani ukishuka, mshale unapanda. Kwa hiyo mshale ulioko H injini ikiwa baridi maana yake ni kwamba umeme umepata njia ya mkato kwenda eathi. Kuipata ni kazi ya dakika moja: ufunguo ON, chomoa waya wa sensa. Mshale ukianguka hadi C, upande wa baridi, sensa imeungana ndani, nunua nyingine. Ukibaki H, fuata waya, hasa unapopita karibu na egzosi na pale unapotoboa ukuta wa injini kuingia ndani, maana mpira wa kitundu kile huisha na bati likakata waya. Waya ukiwa mzima, basi ni geji.

Angalizo: jirani yake kuna sensa ya waya mbili. Hiyo ni ya kompyuta ya injini, haihusiki na mshale. Ukibadilisha hiyo umetupa hela.

Na kama kweli ni gasketi ya hedi, dalili zake zinaonekana bila spana kubwa. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikinguruma (kifuniko ufungue ikiwa baridi, tafadhali), maji yanapungua na hakuna panapovuja, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto. Hawakuangalia hata moja.

Nisiwaonee. Baada ya mabishano walikubali kubadilisha sensa, mshale ukashuka, wakaosha gari bure na kijana mmoja akaomba radhi kwa adabu kabisa. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Kisha foleni ya Jinja Road, jua la mchana, na mshale haujanyanyuka hata kidogo kutoka C. Nikawapigia. "Sasa si umeona, injini imepoa!" Hizo nyota tatu nimezirudisha mfukoni. Mshale unaodanganya juu unakusumbua tu. Unaodanganya chini unakuua injini, kwa sababu maji yakiisha kilimani kule Kabale hutajua mpaka uone mvuke.

Nikaenda kwa yule fundi waya wa jirani. Alianza kwa kuchomoa waya wa sensa na kuugusisha kwenye chuma cha injini kupitia balbu ndogo ya taa ya pembeni, sekunde chache tu, kwani ukiugusisha moja kwa moja na kuuacha hapo unaweza kuchoma geji. Mshale ukapanda. Kwa hiyo geji nzima, waya mzima, fyuzi nzima. (Usipopanda, anza na fyuzi ya geji, hasa kama geji ya mafuta nayo imelala.) Akaweka mita ya umeme, ncha moja kwenye kiuno cha shaba cha sensa, nyingine kwenye injini. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri. Mita haikusoma kitu, yaani umeme haupiti kabisa.

Injini ilipopoa akaifungua ile sensa. Meno ya sensa yalikuwa yamezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka shaba haionekani. Sensa inayopata eathi kupitia meno yake, wewe unaifunika plastiki! Meno yale yamechongwa kwa mteremko, yanajiziba yenyewe yakikazwa. Ukiogopa kuvuja, paka gundi kidogo juu tu. Aliitoa tepu kwa ukucha, akasugua meno kwa brashi ya waya, akaikaza. Akajaza maji yaliyomwagika na kuiacha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa itoke, kwa sababu sensa iliyokaa kwenye povu la hewa nayo husoma baridi. Mshale ukapanda hadi chini kidogo ya nusu, ukatulia.

Jingine la kuniudhi: wakati wa kukabidhi gari walipendekeza "tutoe themostati, Uganda ni joto." Ugonjwa wa gereji zetu huo! Themostati ni vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nayo hufungua karibu nyuzi 82. Ukiitoa, injini inakimbia baridi, kompyuta inaongeza petroli, na mshale unashuka kila ukishika mwendo kwenye Northern Bypass, halafu unaambiwa geji mbovu. Wanachotakiwa kukagua ni kifuniko cha rejeta. Kwa mwinuko wa Kampala maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96, hivyo kifuniko kisichoshika presha kinakumwagia maji kabla mshale haujafika pekundu.

Kwa breki wako vizuri, nitawarudia, na bei zao za pedi si mbaya. Kwa umeme siwapelekei hata balbu ya kabati la dashibodi. Hela ya sensa walirudisha nusu, nilipoomba mara ya pili, na risiti waliandika "matengenezo ya kuchemsha."